Tampere nimefika kwa hela yangu ya khanga, na wewe dada fika

Juzi kuna dada msomaji wangu wa Morogoro kanitumia meseji ndefu. Mdogo wake anasoma Finland, mji wa Tampere, anatamani aende akamuone lakini kila anayemgusia anamkatisha tamaa, eti kule hawatoi viza kwa wafanyabiashara wadogo, eti angoje mpaka aolewe na Mzungu. Nilipandwa na hasira kwa sababu mimi nliambiwa hayohayo. Kuna wakala mmoja hapa mjini, jina simtaji, alinitazama toka kichwani mpaka kwenye ndala akaniambia mama, muuza khanga hapewi viza ya Ulaya, tafuta mtu mwenye jina akudhamini. Mpaka leo nikipita ile ofisi moyo unauma. Sasa muuza khanga alipewa, akaenda kwa mdogo wake Tampere, akarudi na fremu yake iko palepale, na hakuna mtu aliyemchangia hata nauli ya daladala. Nakujibu hapa ili na wengine wasome.

Kwanza viza. Finland iko Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, unaomba viza ya matembezi, ada kwa mtu mzima ni yuro 90 na bima ya safari lazima ifike angalau yuro 30,000. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na mwisho ni siku 15 kabla, ila wewe usisogee huko mwisho, peleka mapema. Wanachotaka kuona ni kwamba huku nyumbani una kitu cha kukurudisha. Mimi nliweka leseni ya biashara, TIN, risiti za kodi za TRA, mkataba wa fremu, barua ya mwaliko ya mdogo wangu na stetimenti ya benki inayoonyesha hela inaingia kidogo inatoka kidogo, ndivyo biashara ya khanga ilivyo na sikuona sababu ya kuificha. Usimwombe shemeji akujazie milioni kwenye akaunti wiki moja kabla, hela ya kuazima inaonekana hata na kipofu. Biashara ndogo yenye makaratasi ina nguvu kuliko mdomo wa wakala, nitalisema hili mpaka nichoke.

Safari yenyewe, unapita Istanbul au Doha unashukia Helsinki. Ukitoka uwanjani usihangaike kwenda Helsinki mjini, stesheni iko hapohapo chini ya uwanja, unapanda treni ya mjini mpaka Tikkurila, ni karibu sana, hapo unabadilisha unapanda treni kubwa ya VR, shirika lao la reli, na baada ya saa moja na nusu hivi uko Tampere. Tiketi kata mapema kwenye simu maana bei inapanda. Mjini kuna tramu, ilianza 2021, unagusisha kadi yako ya benki kwenye mashine umeshalipa.

Stesheni ya Tampere iko katikati ya mji, ukitoka nje unanyoosha na barabara ya Hämeenkatu, dakika chache tu uko darajani, na hapo naomba usimame kwanza. Mji umekaa kati ya maziwa mawili, Näsijärvi kaskazini na Pyhäjärvi kusini, ziwa la kaskazini liko juu kwa mita 18 kuliko la kusini, kwa hiyo maji yanateremka kwa kasi katikati ya mji, wanaita Tammerkoski. Hayo maji ndo yalileta viwanda. Mskoti James Finlayson alianza karakana yake pale 1820 ikaja kuwa kiwanda kikubwa cha pamba, na 1882 taa za umeme ziliwaka kwenye ukumbi wao wa kufuma kabla miji mingi ya Ulaya haijaziona. Wafanyakazi wengi walikuwa wanawake. Mimi nimekulia Manzese, mama yangu mdogo alikuwa anaingia zamu kiwanda cha nguo cha Urafiki, nimelala utotoni kwenye vipande vya vitambaa alivyokuja navyo, na maisha yangu yote nakula kwa khanga. Nilivyosimama mbele ya yale majengo ya matofali mekundu machozi yalinitoka, mdogo wangu akadhani naumwa. Kule pia mashine zilishanyamaza, ila majengo hawakuyavunja, ndani kuna ofisi, migahawa, sinema, na makumbusho ya wafanyakazi yanaitwa Werstas ambayo kuingia ni bure. Wametunza jasho la mama zao. Sisi viwanda vya nguo tulivyokulia vingi vimenyamaza, nani ametunza hata picha ya mama mmoja wa zamu? Tujiulize jamani, tusiende Ulaya kupiga selfi tu.

Afu sauna, kile chumba chao cha joto chenye mawe ya moto, hapo ndo watu wananiuliza sana mama mtu mzima wa hijabu uliingiaje. Niliingia vizuri tu. Nenda Rajaportti, mtaa wa Pispala wenye nyumba za mbao juu ya mteremko, ipo tangu 1906 na ndo sauna ya umma kongwe inayofanya kazi Finland nzima, wanachoma kuni, na wanawake wana upande wao wanaume wao. Unaoga kwanza, unakalia taulo, mtu akimwagia maji yale mawe unainamisha kichwa na kunyamaza. Wenzangu walikuwa kama walivyozaliwa, mimi na khanga yangu, na hakuna aliyenitazama mara mbili. Heshima niliyoipata mle sijaipata kwa yule wakala. Sauna nyingine, Rauhaniemi, iko kwenye ziwa Näsijärvi lenyewe, ile ni ya wote pamoja na nguo za kuogelea, hata wakati wa barafu wanatoka kwenye joto wanatumbukia ziwani.

Chakula, sokoni Tammelantori watakuonyesha mustamakkara, soseji nyeusi, ile ni ya damu na nguruwe, Muislamu pita. Kula muikku, visamaki vya ziwani vinavyokaangwa vizima kama dagaa wa Kigoma. Na panda mnara wa Pyynikki wa mwaka 1929, juu unayaona maziwa yote mawili, chini kuna mgahawa wanauza munkki, maandazi yao, za moto na ndani yake kuna iliki, nilivyouma nikajiona niko kwa bibi Muheza.

Jingine dada, usimfanye mdogo wako hoteli. Mwanafunzi kule anahesabu kila yuro, lipia chakula, pika, mwachie na kitu. Nyama na maziwa usibebe, haviruhusiwi kuingia kutoka nje ya Ulaya. Wangapi tunawasifia watoto wetu wako majuu afu tukienda tunawakamua? Tuwe na aibu.

Wakati mzuri ni Juni, jua linazama saa tano na zaidi usiku na giza halikolei kabisa, kwa hiyo saa za Isha ulizia msikiti wa hapo. Ila angalia kalenda kuna juhannus, sikukuu yao ya katikati ya kiangazi, Jumamosi inayoangukia kati ya tarehe 20 na 26, kuanzia Ijumaa yake maduka mengi yanafunga na watu wanahamia vibanda vyao vya ziwani. Ukifika wiki hiyo, Alhamisi uwe umeshanunua chakula.