Ushindi wa mrushaji hausemi yote
Hapana mkuu, unasema mrushaji bora wa besiboli ni yule mwenye ushindi mwingi, ila idadi ya mechi alizoshinda mrushaji haitoshi kusema nani bora. Mcheki Jacob deGrom, mrushaji wa timu ya New York Mets mwaka 2018, alishinda mechi 10 akapoteza 9 lakini ndo akabeba Cy Young, tuzo ya mrushaji bora, ya ligi yake, maana wastani wa pointi alizoruhusu kwa kila ininga 9 (yaani vipindi 9, mechi moja kamili) ulikuwa 1.70, wenzake ndo walikuwa hawampi pointi za kutosha sasa yeye afanyeje? Sisi tuliocheza besiboli pale sekondari ya Azania tunalijua hili, mdakaji wa uwanjani akichelewa hatua moja tu mpira ukapita, karatasini inaandikwa hiti, yaani mpigaji kapiga vizuri, na mzigo anabeba mrushaji. Ila hata huo wastani usiutegemee peke yake, mji wa Denver, Marekani, uko juu milimani na hewa nyepesi, mpira ukipigwa unaenda mbali balaa, kwa hiyo mrushaji wa huko wastani wake unapanda hata kama ni mzuri.