Anko wa Uwanjani: Timu inapigwa kila wiki, kepteni nifanyeje?

SWALI: Shikamoo Anko. Mi niko Nkuhungu hapa Dodoma, jina liache tu. Tuna timu ya ragbi ligi, ile ya watu 13 sio ile ya 15, tunachezea kiwanja cha vumbi na mwaka huu tunapigwa tu. Tunaanza vizuri, af tukishafungwa trai moja (ule mpira wa kuugusisha chini nyuma ya mstari wetu wa mwisho) basi, ya pili na ya tatu zinaingia hata hatujajua kimetokea nini. Nina miaka 21, kocha kanipa ukepteni mwezi wa tatu. Sasa kuna kaka yetu namba 8, yeye ndo alikuwa kepteni zamani, mi nikiongea na yeye anaongea, tena anawafokea madogo mpaka wanaogopa kupokea mpira. Nikinyamaza wanasema kepteni bubu, nikifoka wanasema nimeota mapembe. Nimrudishie kocha cheo chake?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usirudishe kitu kwanza, tulia tuongee.

Hiyo habari ya trai tatu za fasta fasta ndo ugonjwa wenyewe, na wala sio mkosi. Kwenye soka ukifungwa unaanza na mpira wewe, si ndio? Ragbi ligi ni kinyume chake kabisa, aliyefungwa ndo anapiga mpira wa kuanza upya na aliyefunga anaupokea, kwaiyo watu wameshachoka kukaba, wamefungwa, af wanaambiwa haya kabeni tena seti nzima, yaani mpaka muwaangushe wenye mpira mara sita. Timu dhaifu zinafia hapo, mbili tatu mfululizo halafu mechi imeisha hata haftaimu haijafika.

Sasa kati ya trai na ule mpira wa kuanza upya kuna kama dakika moja hivi, wenzenu wanajiandaa kupiga zile pointi 2 za nyongeza na nyie mmesimama nyuma ya nguzo mmeshika viuno, mmoja anatema mate, mwingine anamuuliza mwenzie ulikuwa wapi wewe. Unahodha wako wote uko kwenye hiyo dakika bana, huko kwingine kunajiendea. Nani kakosa utaongea jumanne mazoezini. Hapo waite wasogee, waache waheme kidogo, af sema vitu viwili tu: mpira tunaupiga upande gani na nani wanatangulia kukimbia kumfuata anayeupokea, mtaje kwa jina, "Wewe na wewe mnaenda wa kwanza, tunawabana kwenye kona yao." Basi. Mtu aliyechoka hawezi kubeba hotuba, ila kazi moja anaibeba.

Mkishaupata mpira lengo lenu lisiwe trai, lengo liwe kumaliza seti. Mnaangushwa, mnaangushwa, na ya tano ikishapita mpira unapigwa mbali wakaanzie huko kwao. Timu iliyo nyuma kila mtu anataka arudishe pointi zote peke yake, anatupa pasi ya ajabu kwenye kuangushwa kwa pili, mpira unadondoka, haya mnakaba tena. Kepteni ndo wa kusema "hii tunaimaliza" na kuisema tena na tena mpaka waichoke.

Na mkipewa penati mbele ya nguzo mapema mapema ipige ipite kati ya nguzo, chukua pointi 2. Najua washabiki wataguna, wanataka mkimbie nao. Ila angalia ile sheria niliyokwambia, mkifunga penati wao ndo wanawapigia nyie mpira, kwaiyo umepata 2 na mpira umerudi mkononi kwako na wenzio wamepumua. Kwa timu inayoongoza ligi ningesema kingine, kwa ya kwenu chukua.

Halafu upepo. Dodoma mwezi wa saba na wa nane mnaujua wenyewe, mpira wa juu unaweza kupigwa ukarudi kuwapita. Ukishinda shilingi ya refa cheza na upepo kipindi cha kwanza, timu inayopigwa inahitaji kufika haftaimu ikiwa bado iko ndani ya mechi, huwezi kuwaambia watu walio nyuma kwa 24 kwamba msijali upepo unakuja. Kipindi cha pili mkiwa mnaukabili acheni mipira ya juu, pigeni ya chini inayoviringika, kwenye kiwanja cha vumbi ile inadunda hovyo na hata fulubeki mzuri, yule anayekaa nyuma kabisa, inamsumbua.

Sasa kaka namba 8. Usigombane nae uwanjani na usimsemee kwa kocha, nenda kwake katikati ya wiki, msalimie vizuri, muombe kazi. Mwambie "kaka, pale katikati kwenye ukabaji mi siwezi kukaa kila saa, naomba paongoze wewe, ila nyuma ya nguzo niachie niongee mimi, ukiwa na la kusema niambie mimi kwanza." Ukweli ni kwamba namba 8 kweli anaona vitu ambavyo wewe huvioni, yeye ndo anagongana na yale majitu, na fulubeki anauona mstari wote kutokea nyuma, kwaiyo ulinzi wa pembeni apange huyo. Unahodha wa mtu mmoja anayepiga kelele dakika 80 haupo. Sana sana mtu aliyevuliwa cheo bila kuambiwa kitu ndo anakuwa hivyo, na hapo kocha wenu nae angekaa nae chini mapema, hilo namlaumu.

Akikataa, basi wewe mwenyewe uwafuate wale madogo wanaofokewa. Yule dogo aliyedondosha mpira, mpe mpira unaofuata. Ndo dawa.

SWALI: Anko habari za kazi. Kwanini kwenye ragbi refa anaongea na mtu mmoja tu, wengine wakisogea anawafukuza? Sisi soka wote tunamzunguka. Msomaji, Ipagala.

JIBU: Ndo utaratibu, kepteni ndo mdomo wa timu, wengine wakibwabwaja ni penati na ikizidi mtu anakwenda kukaa nje dakika 10. Kwenye NRL, ile ligi kuu ya ragbi ligi ya Australia, toka 2020 kepteni ana haki hata ya kupinga uamuzi ukaangaliwe kwenye video, akikosea anaipoteza, akipatia inabaki. Kwaiyo anatakiwa mtu mwenye kichwa baridi, sio kila akiangushwa anapinga. Na kidokezo cha bure, muulize refa "tufanye nini tusirudie?" usimuulize "kwanini?", la kwanza anakujibu.

SWALI: Baba, mwanangu kachaguliwa nahodha wa ragbi ila ni mpole mno, haongei, timu yenyewe ya mwisho. Naogopa watamuonea. Mama, Kongwa.

JIBU: Shikamoo mama. Upole sio ugonjwa. Kuna timu ya ragbi ligi Uingereza inaitwa Leeds Rhinos, ilikuwa haijachukua ubingwa toka 1972. Mwaka 2003 wakampa unahodha kijana wa miaka 22, Kevin Sinfield, sio wa kelele nyingi, na wapo waliomtilia shaka. 2004 wakachukua, na mpaka anaondoka kwenye ragbi ligi 2015 alikuwa ameshanyanyua ubingwa mara 7. Mbili kati ya hizo, 2011 na 2012, walimaliza ligi nafasi ya 5 tu, watu wameshawafuta, af wakapanda kwenye mtoano mpaka fainali wakabeba. Nafasi ya 5 sio ya mwisho najua, ila ujue nahodha wao hata msimu ulipokuwa mbovu hakubadilika akaanza kufoka.

Wanaoweza kumuonea ni wale wanaomuona anategea mazoezi. Akiwahi kufika, akarudi mbio zile mita 10 ambazo anayekaba anatakiwa arudi nyuma kila mara baada ya kumwangusha mtu hata wakiwa wamefungwa 40, mdomo watamuazima wenyewe. Wewe mama muandalie uji na hela ya nauli, na ukienda kumuangalia usimuite jina lake kwa sauti pale uwanjani, atakufa kwa aibu.