Maswali yenu: Ukisimamishwa na mwenye reflekta ukitoka msituni, ujibu au upitilize?

SWALI: Kaka habari za kazi. Mi naishi Kent, pembeni ya Seattle huku Marekani. Jumamosi moja tulienda na watoto na jirani yangu Mkongo kwenye msitu wa serikali, tukatembea tukachoma nyama, sasa wakati wa kutoka tunakuta kibao barabarani kinasema kuna utafiti mbele, na mama mmoja kavaa reflekta ya rangi ya chungwa anatupungia tusimame. Jirani akaniambia pitiliza dada, hao uhamiaji, nikakanyaga mafuta. Nimevunja sheria? Na alikuwa anataka nini? – Mama N.

JIBU: Mama N, hujavunja kitu, kujibu ni hiari. Kwa ulivyoeleza huyo ni mhesabu wageni wa USDA Forest Service, idara ya misitu ya serikali yao, na hao wako chini ya wizara ya kilimo, sio hata hao wa hifadhi kama Yellowstone maana watu huwa wanawachanganya, wale ni wizara nyingine kabisa. Wana mpango wao wa kuhesabu na kuhoji wageni toka 2000, kila msitu wa taifa unafikiwa mara moja ndani ya miaka mitano, kwahiyo ukikutana nao leo huenda usiwaone tena hapo mpaka watoto wamekuwa wakubwa.

Wanakusimamisha ukitoka na sio ukiingia kwa sababu ukiingia hujui bado utakaa masaa mangapi wala nini kitakukera. Wanauliza mmekuja wangapi, mmefanya nini, mmepita wapi kwingine, vyoo na vibao mmevionaje, zip code (namba ya posta) ya unapoishi, umri, na asili yako ukipenda kusema. Baadhi ya watu wanaulizwa pia hela waliyotumia, mafuta, chakula, malazi. Makaratasi ya uhamiaji hayamo kwenye fomu, na jina lako haliwekwi kwenye majibu. Jirani yako simlaumu lakini, kwa hali ilivyo huko nani asiyeshtuka akiona mtu wa serikali anapunga mkono. Siku nyingine ukiwa na wasiwasi omba kitambulisho na uombe uoneshwe namba ya OMB, ile ofisi ya bajeti ya Ikulu yao, fomu yoyote ya serikali kuu inayohoji wananchi inatakiwa iwe nayo.

Ila kuna jambo moja ambalo watu wengi hawalijui na ndo sababu nimelipa barua yako nafasi kubwa. Mara nyingi wanalaza mpira mwembamba barabarani, gari likikanyaga mashine inahesabu. Sasa mpira haujui ndani ya gari kuna nani, inaweza kuwa lori la magogo, mtu anayekatiza tu kwenda kwao, au dereva alosimama kutumia choo akaondoka. Hiyo ndo kazi ya yule mama, swali lake la mwanzo kabisa ni kama mlikuja kupumzika au mlikuwa na shughuli nyingine, halafu ndo anauliza mko wangapi. Majibu ya waliosimama yanatumika kukadiria hata wale waliopita. Umenielewa? Wewe ulipopitiliza gari lako lilihesabiwa vilevile, ila familia yako yenye watoto na sufuria na mkaa imejazwa majibu ya watu wengine, labda mke na mume na mbwa wao waliotembea saa moja wakarudi. Baadae mtu wa mipango anakaa ofisini anaamua meza za kula ziwe za watu wanne au za ukoo mzima, majiko ya kuchomea mangapi, pakingi kubwa kiasi gani, vibao vya lugha gani, na nyie hamumo. Matokeo ya nchi nzima ziara zinapita milioni 150 kwa mwaka, na wanaoonekana mle ni wazungu kwa wingi sana, kupita hata sehemu yao kwenye idadi ya watu. Sehemu kubwa ni kweli sisi weusi hatuendi misituni. Lakini na wanaoenda wakipitiliza je? Mi ningesimama.

SWALI: Si waweke tu kamera na data za simu mambo yaishe? – Jofrey, Mbagala

JIBU: Kwa kuhesabu vichwa zinasaidia. Lakini kamera haioni kwamba mtu amegeuka njiani kwa kukosa choo, na misitu mingi mtandao hakuna, sasa simu itasema nini.

SWALI: Mwalimu sasa, sisi tuko kwa chama cha jamii cha msitu hapa Kenya, tunafanya kazi na KFS, shirika la serikali la misitu, na tunaandaa mpango mpya wa msitu. Kijana wetu mmoja anasema tubandike QR kwa geti watu wajaze fomu kwa simu, na tiketi zinatupea idadi tayari. Hiyo inatosha kuwajua wageni wetu ama? – Katibu

JIBU: Haitoshi katibu. Tiketi inasema nani amelipa, haisemi amefanya nini ndani, na walopita kwenye tundu la fensi hawana tiketi. Angalia Karura, ule msitu wa Nairobi, hekta elfu moja na kitu, wakimbiaji, baiskeli, watu na mbwa wao, familia na vikapu, tiketi haikwambii nani anamkera nani na kwenye kona gani. Na hiyo QR atajaza mwenye bando, tena aliyekasirika sana au aliyefurahi sana.

Siku za kuhoji zichagueni kwa bahati nasibu, na zile Jumanne za ukiwa ziwemo, maana mkihoji Jumapili tu mtajenga msitu wa Jumapili. Siku ya kuhoji simamieni geti la kutokea mhoji kila kundi la tano linalopita, hata kama ni wazee wenye haraka zao na sio wasichana wanaocheka tu, kijana wenu atanielewa. Anayekataa naye mwandikeni. Maswali yasizidi kumi na yawe Kiswahili au lugha ya pale kwenu, na msiulize kuhusu kitu ambacho hela yake hamna, watu watakuja kuwadai.

Sheria yenu ya misitu ya 2016 inataka wananchi washirikishwe, na wananchi sio walokata tiketi peke yao. Tengeni siku mbili tatu mkae sokoni na stejini muulize ambao hawajawahi kuja, kinachowazuia ni nauli, kiingilio, kuogopa kuporwa, au wanaona hapo ni pa wenye magari? Hao getini hamtawapata hata mkikaa mwaka. Ila majibu yao yaandikeni daftari lao pembeni, msiyachanganye na ya getini, mtakoroga hesabu.