Maswali na Majibu: Binti wa miaka 12, elki wa kwanza, na bunduki iliyomzidi kimo

SWALI: Mwalimu wa shabaha, salamu kutoka Aurora, Colorado. Binti yangu ametimiza miaka 12, amefaulu kozi ya usalama wa uwindaji, na tumempatia leseni ya kuwinda elki jike, yule kulungu mkubwa wa Amerika Kaskazini, kwa msimu wa kwanza wa bunduki, katikati ya Oktoba. Muuzaji dukani na wenzangu kazini wameniambia elki ni mnyama mgumu, nisithubutu kumpeleka mtoto na bunduki ndogo. Basi nikanunua .300 Winchester Magnum, bunduki ya risasi kubwa yenye nguvu nyingi. Juzi alifyatua mara mbili, akalia, bega likavimba. Wananiambia atazoea, au nifunge kile kifaa cha mdomoni mwa mtutu kinachopunguza teke, yaani ule msukumo wa bunduki kurudi begani. Mwenzangu mmoja atakayekwenda nasi anasema nisiwe na wasiwasi, binti akijeruhi yeye atammalizia. Nifanyeje? Na nimruhusu apige umbali gani?
Baba wa binti mmoja

JIBU: Hatazoea, ndugu yangu. Mtoto wa umri huo hazoei bunduki ile. Anachojifunza ni kuiogopa, na woga huo unabaki mwilini hata bega likishapona. Kila mwaka msimu ukikaribia naletewa watoto waliokwisha kuharibiwa na ushauri huohuo uliopewa wewe, na kazi yangu yote inakuwa kuwafundisha upya kitu ambacho wangekijua vizuri kama wangeachwa na .22, ile bunduki ndogo ya kujifunzia, tangu mwanzo.

Nikieleza woga huo unavyofanya kazi utaniamini. Mtoto nampa bunduki lakini risasi naweka mimi, yeye haoni. Mara naweka risasi ya kweli, mara ya bandia isiyo na baruti. Analenga, anavuta pumzi, anabonyeza kifyatuo. Ikiwa ndani mna risasi ya bandia unasikia "ta" tu, na hapo ndipo ukweli unapoonekana: mdomo wa mtutu unainama chini, macho yamefumbwa, bega limesukumwa mbele kupambana na teke ambalo halikuja. Risasi ya kweli inapolipuka, mlio na teke vinaificha dosari hiyo, na baba anabaki kulalamika kwamba darubini ya kulengea imepotoka. Darubini haina kosa. Mtoto alishtuka kabla risasi haijatoka kwenye mtutu.

Teke la .300 Winchester Magnum ni takriban mara mbili ya teke la 7mm-08, ambayo ni ya nguvu ya wastani, katika bunduki zenye uzito unaolingana. Ongeza kwamba kitako cha bunduki uliyonunua kimekatwa kwa mkono wa mwanamume mzima. Binti akiishika hawezi kuegemea mbele, anajipinda nyuma, kisha ananyoosha shingo ili aone, jicho linasogea karibu mno na darubini, na siku moja ukingo wa darubini utamchana juu ya nyusi. Nimeshawafunga bendeji watoto kwa jeraha hilo.

Sasa nije kwenye neno linalonikera kuliko yote: "elki ni mgumu". Ni kweli, elki jike ana kilo 220 au zaidi, dume anapita 300, na akipigwa vibaya anaweza kutembea milima miwili kabla ya kulala. Lakini watu wanaosema hivyo dukani wanamaliza sentensi kwa namna isiyo sahihi. Wanasema: kwa hiyo leta bunduki kubwa. Elki aliyepigwa tumboni kwa .300 anakimbia sawasawa na aliyepigwa tumboni kwa .243 iliyo ndogo. Aliyepitishwa risasi nzuri katika mapafu yote mawili hafiki mbali, iwe bunduki kubwa au ya wastani. Ugumu wa mnyama ni sababu ya kudai shabaha bora, na shabaha bora haipatikani kwa mtoto anayefumba macho.

Sisi wenye asili ya Afrika Mashariki tuna ushahidi kutoka kwetu. Mwanzoni mwa karne ya 20, Mskochi Walter Bell aliwinda tembo Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, na mamia yao aliwaua kwa bunduki ya milimita 7, ile 7x57 Mauser ambayo nguvu yake inakaribiana sana na 7mm-08 ya leo. Biashara ile ya pembe siisifu hata kidogo, na simshauri mtu yeyote amkabili tembo kwa bunduki ya namna hiyo. Ninachotaka uone ni kwamba Bell alipasua mafuvu ya tembo ili ajue ubongo umekaa wapi hasa. Alijua anakolenga, na alipofyatua hakushtuka.

Hata sheria ya Colorado haidai mzinga. Kwa elki inataka bunduki ya kipenyo cha milimita 6 au zaidi, risasi ya uzito wa greni 85 (kama gramu 5.5) au zaidi, yenye nishati ya pauni-futi 1,000 ikifika yadi 100 (yadi ni pungufu kidogo ya mita). Hicho ni kiwango cha chini na mimi sipendi kumweka mtoto pale ukingoni. Kwa binti yako ningechukua 7mm-08, au 6.5 Creedmoor, au hata .308 yenye risasi za teke lililopunguzwa, kitako kifupi cha vijana. Usinunue ile nyepesi kabisa ya kupandia milima, kwa kuwa wepesi huo unarudi begani. Fedha utakayookoa inunulie risasi iliyoundwa vizuri, ya shaba tupu au ile ambayo madini yake laini ya ndani yameunganishwa imara na ganda la nje, isiyovunjika vipande ikigonga mfupa wa bega.

Kuhusu kifaa cha mdomoni: kinapunguza teke, sikatai. Kinafanya hivyo kwa kuielekeza hewa ya moto pembeni na nyuma, yaani masikioni mwa binti na mwako wewe uliyekaa kando yake. Mlio wa bunduki hizi tayari unapita desibeli 150, na sikio huweza kuumia kwa mlio mmoja wa 140. Masikio ya mtoto hayaoti upya. Na mlio nao unamshtua, kwa hiyo umetoa woga begani ukauhamishia sikioni. Uwanjani mvalishe vizibo ndani ya sikio na vifunika masikio juu yake, hata akipiga bunduki ya kawaida.

Umbali. Jibu langu utalipata uwanjani, usilitafute kwenye jedwali. Chukua sahani ya karatasi ya sentimita 25, ambayo ni ndogo kuliko eneo la moyo na mapafu ya elki jike. Binti akae chini, bunduki juu ya miti ya kuegemea, si mezani kwenye mifuko ya mchanga, kwa sababu msituni hakuna meza. Mwambie kwanza akimbie kidogo ahemehe, maana mwezi Oktoba mtakuwa mita 2,500 mpaka 3,300 juu ya bahari na hewa ni nyepesi kuliko ya Aurora. Umbali ambao risasi tano kati ya tano zinaingia kwenye sahani hiyo ndio umbali wake. Nne kati ya tano, sogea karibu. Kwa watoto wengi wa mwaka wa kwanza inaishia yadi 150, wachache 200.

Najua hapo utaniletea video. Kila baba ananiletea video: kijana amelala kwenye ukingo wa bonde, elki yuko yadi 600, bunduki inalia, mnyama anaanguka, watu wanakumbatiana. Hizo video zinafanya madhara kuliko muuzaji wako. Risasi ikisafiri yadi 600 inachukua karibu sekunde nzima, na elki anayekula majani anapiga hatua ndani ya muda huo. Upepo wa kilomita 16 kwa saa ukivuma kutoka pembeni unaisukuma zaidi ya nusu mita, nao upepo wa bondeni katikati hauwi sawa na ule unaokupiga shavuni. Aliyekosa hakupandisha video. Aliyepiga taya, au mguu, au utumbo, hakupandisha video, na mnyama yule alikufa baada ya siku mbili kwenye miti minene huku nyama yote ikioza. Anayekuuzia darubini ya kupiga mbali hakwambii habari hizo, na anayekuuzia "kozi ya siku moja ya masafa marefu" ndiyo kabisa. Ustadi wa kuwinda elki ni kupunguza umbali: upepo ukupige usoni, utambae, usubiri, na ukishindwa kukaribia urudi kesho. Hili nawaambia watu wazima kuliko watoto. Watoto wanalikubali upesi.

Mwenzako wa kummalizia umkataze leo. Colorado kila mwindaji anaua mnyama wa leseni yake mwenyewe. Kumpigia mtu mwingine ni kosa, hata kwa nia njema. Ahadi ile inamfundisha binti kwamba risasi ya kwanza si lazima iwe nzuri. Binti mwenyewe ndiye wa kupiga ya pili: akishafyatua, aingize risasi nyingine papo hapo akiwa bado analenga, na elki akiwa amesimama apige tena. Akitoweka msituni, kaeni nusu saa kabla ya kufuata damu. Mkiona majani ya tumboni kwenye nywele au harufu yake, subirini saa kadhaa.

Na wewe je, umesoma kozi? Aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1949 au baadaye anatakiwa awe nayo, na msimamizi wa mtoto pia. Uwe na umri wa miaka 18 au zaidi, na muwe mnaonana na kusikiana bila darubini wala redio ya mkononi. Wote wawili mvae chungwa kali au pinki kali, kofia pia.

Usiwe na haraka ya Oktoba. Baadhi ya maeneo ya jimbo yana misimu ya mwisho kwa vijana wa miaka 12 hadi 17 ambao leseni yao ya elki jike haijatumika. Tazama kitabu cha kanuni cha mwaka huu uone kama eneo lenu limo. Siku akikuambia "baba, sina uhakika," toeni risasi kwenye bunduki na mshuke mlimani.

Ile .300 irudishe dukani, na wakikataa iuze. Ukishapata 7mm-08 usimpe bado. Kwa wiki mbili za kwanza apige .22 peke yake, na jioni nyumbani afanye zoezi la kubonyeza kifyatuo na bunduki tupu uliyoikagua wewe mwenyewe, risasi zote zikiwa chumba kingine. Halafu mjaribu kwa ile risasi ya bandia, utazame mdomo wa mtutu.