Imeili hazitoki? Kabla hujaristati seva angalia foleni

Wadau, wiki nzima nimeshinda kwenye ofisi moja ya utalii huku Njiro, Arusha, nataka niwaambie nilichokiona kabla sijasahau. Imeili za kuingia zinaingia vizuri tu, ila wanazotuma wao, wateja wanasema hatujaona kitu, na mwezi wa sita ndo huu, sizoni imeanza, Mjerumani ameulizia bei ya Kilimanjaro njia ya Machame siku saba, ukikaa siku mbili hujamjibu ameshalipia kwingine. Mama mwenye kampuni alinipigia saa moja asubuhi, shikamoo yangu hata hakuitikia vizuri, "mwanangu njoo, watu wananiona nimewadharau."

Nilipofika nikakuta seva imesharistatiwa mara nne. Jamani ile haisaidii! Seva ikishindwa kupeleka imeili, seva ya upande wa pili huwa inaijibu kwa nini, na jibu liko kwenye logi, lile faili seva inapoandika kila inachofanya. Msimbo unaoanza na 4 maana yake jaribu tena baadaye, unaoanza na 5 maana yake imekataliwa moja kwa moja. Soma ule mstari mpaka mwisho ndo uguse kitu.

Basi nikapiga postqueue -p, amri ya kuonyesha foleni ya imeili zinazosubiri kutoka (wao wanatumia Postfix, programu ya kutuma imeili kwenye seva), mistari ikaanza kushuka, inashuka tu, chini kabisa ikaandika imeili zaidi ya elfu kumi na moja zinasubiri, na ofisi yenyewe kwa siku hawafikishi hata mia. Karibu zote zimetumwa na akaunti moja, ya mapokezi. Nikatafuta sasl_username kwenye logi, yaani jina la akaunti iliyologini kutuma, ni ile ile ya mapokezi, inalogini usiku wa manane kutoka IP (anwani za mtandao) za nchi ambazo dada wa mapokezi hajawahi hata kufika. Pasiwedi yake ilikuwa jina la kampuni na 123. Dada wa watu akaanza kulia, nikamwambia hapana dada, hilo kosa ni la aliyeiacha seva ikubali pasiwedi kama hiyo.

Tukabadilisha pasiwedi, kisha nikafuta spamu za ile akaunti peke yake. Tafadhali usipige postsuper -d ALL kwa hasira, inafuta foleni yote, maana humo ndani zimo na bei za wateja wa kweli, mle nilizikuta karibu arobaini. Baada ya hapo ndo unaomba IP ya seva yako itolewe kwenye orodha nyeusi ya watuma spamu kama ya Spamhaus, ukiomba huku spamu bado inatoka utarudishwa tu.

Nilidhani tumemaliza kumbe bado, Gmail ikaendelea kukataa. IP haikuwa na PTR, yaani ukiuliza hii IP ni ya nani hupati jina. Wengi wanaenda kuhangaika kule waliponunulia domeini, hapana, PTR anaiweka mwenye IP, kwa hiyo ni kumpigia anayekupa intaneti na kumng'ang'ania. Wakati tunasubiri nikazipitisha imeili kwenye seva ya watu wengine kwa poti 587, kazi ikaendelea. Na SPF, ule mstari wa kwenye domeini unaotaja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lako, zilikuwa mbili kwenye domeini moja, kila fundi aliyepita ameongeza yake, zikiwa mbili zote hazihesabiki, unganisha iwe moja. DKIM nayo weka, ni sahihi ya kidijitali kwenye kila imeili, tangu Februari 2024 Gmail inataka kila anayetuma awe na SPF au DKIM, na kwa mtu wa biashara mimi nasema weka zote.

Ila kilichoniuma zaidi ni kimoja. Postfix usipoigusa inashikilia imeili iliyokwama siku tano nzima ndo imrudishie mtumaji, na katikati haimwambii kitu. Siku tano mama wa watu anaamini bei imefika! Fungua main.cf, faili la mipangilio ya Postfix, uandike delay_warning_time = 4h halafu ui-reload, imeili ikikwama masaa manne aliyetuma anapata taarifa, anachukua simu anampigia mteja.

Ijumaa jioni mama kanitumia picha ya skrini, Mjerumani kajibu, wako wanne, wanakuja Septemba.