Andika Neno Utakalolitafuta: Madokezo ya Simu na Nyumba Tatu za Lamu

Daftari langu la mwisho la karatasi liko chini ya maji karibu na gati ya Mokowe. Nilikuwa napanda boti na mkoba begani, wimbi likaja ubavuni, mkoba ukapinduka. Ndani ya daftari lile mlikuwa na vipimo vya madirisha ya nyumba ya Mkomani, hesabu za fundi chokaa za miezi minne, na tarehe za kliniki za mamangu. Wazee walituambia mali bila daftari hupotea bila habari. Siku ile nilijua kwamba hata daftari nalo hupotea, na hapo ndipo nilipohamia kwenye madokezo ya simu, yaani maandishi mafupi unayoyaweka kwenye programu.

Kazi yangu ni kusimamia nyumba tatu kisiwani Lamu: moja Mkomani, moja Langoni, moja Shela. Wenyewe wanaishi mbali, mimi ndiye jicho lao. Nyumba ya mawe haiishi kazi. Leo plasta imetoka, kesho boriti imeingia mchwa, kesho kutwa pampu haivuti maji kwenye tangi. Juu ya hayo kuna wageni, wachukuzi, wenye punda, na mama nyumbani mwenye dawa za presha. Kichwa kimoja hakiyawezi hayo yote, na ni kukionea kukitaka kiyaweze.

Mwaka wa kwanza niliupoteza kwa kujenga folda. Kila nyumba ilikuwa na folda yake, na ndani yake folda ya maji, ya umeme, ya mafundi, ya wageni, kila moja na rangi yake. Usiku nilikuwa napanga badala ya kulala. Kisha mwenye nyumba ananipigia, anauliza bomba la bafu la juu lilibadilishwa lini, nami nimesimama kichochoroni nafungua folda moja baada ya nyingine. Niliiweka kwenye maji? Kwenye mafundi? Kwenye risiti? Punda anataka kupita, simu iko sikioni, jibu silioni.

Kilichoniokoa ni kile kisanduku cha kutafuta, ambacho kimo katika kila programu ya madokezo na ambacho sikuwa nakigusa. Sasa kabla sijafunga dokezo lolote najiuliza: miezi sita ijayo, nikiwa na haraka, nitaandika neno gani nikilitafuta hili? Neno hilo naliandika humo humo, na ndugu zake wote pamoja nalo. Dokezo la lile bomba limeanza hivi: “Shela, bafu la juu, bomba, mfereji, linavuja, koki mpya.” Halipendezi kusoma. Lakini nikiandika mfereji linakuja, nikiandika koki linakuja.

Majina ya watu ndiyo yanayotaka uangalifu zaidi. Hapa kwetu fundi mmoja ana jina la barazani, ana jina la mwanawe, na ana jina la kitambulisho. Mtaani utamwita baba fulani miaka kumi, lakini siku ya kumlipa M-Pesa inakuonyesha jina ambalo hujawahi kulisikia. Kila fundi wangu ana dokezo moja lenye majina yake yote matatu, kazi anayoiweza, na kazi aliyowahi kunifanyia. Ujumbe wa malipo nao naunakili mzima, pamoja na ile namba ya muamala yenye herufi na tarakimu kumi, naubandika kwenye dokezo la kazi husika. Majuzi muuza chokaa alinidai magunia ambayo nilikumbuka nimeyalipa. Nilitafuta “chokaa Langoni”, nikamwonyesha ujumbe, akafungua simu yake akauona na yeye. Tukaagana kwa wema. Kama ningekuwa na kumbukumbu ya kichwa tu, tungegombana, na Lamu ni mji mdogo wa kugombana na muuza chokaa.

Jambo la pili ninalolishikilia ni kuandika sababu. Dokezo linalosema “ukuta wa kisima, chokaa tupu, usitie simenti” litatiliwa shaka na fundi mpya, na pengine na wewe mwenyewe ukishasahau. Kwa hiyo chini yake nimeandika kilichotokea: ukuta ule ulipigwa plasta ya simenti kabla sijapewa nyumba. Mawe ya matumbawe yana unyevu na chumvi ndani, chokaa inauacha unyevu upumue utoke, simenti inaufungia. Ukuta ukafura, plasta ikabanduka vipande vipande. Mistari mitatu ile imenipunguzia mabishano kila anapokuja fundi mwenye haraka, kwa sababu namsomea, namwonyesha na picha. Siku hizi hata uamuzi mdogo, kama kwa nini nilichagua tangi hili nikaacha lile, hauingii kwenye simu bila sababu yake.

Sasa saa na maji. Hili programu hazikutengenezwa zikilijua, inabidi ulitie wewe. Simu inahesabu siku kutoka usiku wa manane, sisi tunaihesabu kutoka machweo na macheo. Niliwahi kuweka kikumbusho cha mashua ya boriti “saa 4”, simu ikaamini ni saa kumi za usiku. Ikalia kabla ya alfajiri, nikaizima nikalala. Saa nne asubuhi mashua ikafika, wachukuzi hawapo kwa kuwa sikuwaita, maji yakaanza kupwa, na mashua ikakaa juu ya tope mpaka maji yaliporudi. Niliwalipa mabaharia siku nzima ya kungoja. Tangu siku hiyo kila saa naiandika kwa namna mbili, “saa nne asubuhi, 10:00”, na kikumbusho nakiweka kwa ile ya pili.

Na kila dokezo linalohusu mzigo wa bahari lina tarehe mbili, ya kawaida na ya Kiislamu. Tarehe ya Kiislamu inafuata mwezi, na bahari inafuata mwezi. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Baina yake, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu. Nikiona nimeandika tarehe 16 ya mwezi wa Kiislamu najua mashua yenye mzigo mzito itasogea karibu, na najua pia kwamba ikichelewa itakwama vibaya. Kujaa kwa maji husogea mbele kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo mashua ikiahirishwa siku mbili naongeza karibu saa moja na dakika 40, nawaarifu wenye punda. Nahodha yeyote anayajua haya bila simu. Mimi si nahodha, na ninazo nyumba tatu.

Kuhusu programu yenyewe, sitakaa sana. Ile ya kwanza niliyotumia bure ilibadilisha masharti ikaniwekea mpaka wa idadi ya madokezo, nami nilishakuwa na mamia. Somo nililolipata ni kuuliza swali moja kabla ya kuanza: nikitaka kuhama, naweza kutoka na maandishi yangu yote? Sasa natumia Joplin, iliyotoka mwaka 2017. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuuona, maandishi yanakaa kwenye simu yenyewe na yanafunguka bila mtandao, jambo kubwa kwa mtu anayefanya kazi nyuma ya kuta nene za mawe. Kwa anayeanza, Google Keep inatosha kabisa, na ukiiweka kwa Kiswahili ndiyo inayoyaita maandishi haya “madokezo”. Usihangaike kutafuta iliyo bora kuliko zote. Chagua moja, ikae nawe mwaka.

Yapo nisiyoyaandika humo. Namba ya siri ya M-Pesa haiingii kwenye dokezo lolote, hata kwa mafumbo. Pasipoti za wageni sizipigi picha nikaziacha. Nikishamaliza shughuli nazifuta siku hiyo hiyo. Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, lakini hata isingekuwepo, mgeni amekuamini na hati yake.

Ya nyumbani nayaweka humo humo pamoja na ya kazi, sikutenga. Dawa za mama na saa zake, tarehe ya kliniki, vitu vya kununua arusi ikikaribia. Nimemrekodi pia akieleza kipimo chake cha mahamri, kwa sababu “unga kadiri na tui kadiri” haliandikiki, lakini sauti yake inasema kadiri hiyo ni mpaka donge la unga lianze kuachana na sinia. Kila Alhamisi baada ya Isha nakaa nusu saa nasoma ya wiki: kilichokwisha nakifuta, kilichosalia nakisogeza.

Nilipomwonyesha mama haya yote mara ya kwanza, aliniuliza, “Na hiyo simu nayo ikianguka majini, mwanangu?” Ni swali la haki. Kila mwisho wa mwezi natoa nakala ya madokezo yote naitia kwenye flashi, na flashi inakaa kwa dada yangu, si kwangu. Na ndani ya mlango wa kabati la mama nimebandika ukurasa mmoja ulioandikwa kwa herufi kubwa: dawa zake, namba yangu, namba ya mwenye boti anayekubali kuamshwa usiku, na mahali pa funguo za nyumba tatu. Dawa moja ilibadilishwa wiki iliyopita. Nimeukata ule mstari kwa kalamu, nikaandika mpya juu yake.