Maswali na majibu ya otokrosi: msibadilishe springi kabla ya kusoma grafu

Maswali yamejaa tena, na nusu yake ni presha ya tairi, kwa hiyo tulimalize hilo kwanza. Msomaji wa Texas, swali lako ni la lami na koni, nimelijibu chini. Mengine yote ni ya otokrosi ya murramu wa kwetu, gari moja moja dhidi ya saa.

Niweke psi ngapi? (Wengi, na karibu wote kwa maneno haya haya)

Kwenye gari gani? Tairi gani, uzito gani, ardhi ngumu au changarawe iliyolegea? Likija tena likiwa uchi hivi halitajibiwa.

Kwa gari dogo linalovuta kwa mbele, lenye tairi za rali, anza na psi 30 mbele na 28 nyuma, zikiwa baridi. Baada ya kila raundi kagua ukingo wa rimu. Ukikuta mchanga au nyasi zimebanwa kati ya tairi na rimu, presha ni ndogo mno na tairi inakaribia kuvuka rimu. Ongeza psi 2 kabla ya kuingia tena. Ukiona gari linarukaruka juu ya vijiwe na katikati ya tairi panalika kuliko pembeni, punguza psi 1, si 5.

Geji iwe moja, yako, si ya kituo cha petroli. Na wale mnaojaza Mombasa mkashindane Nairobi: hewa ya Nairobi ni nyepesi, kwa hiyo tairi ile ile iliyosoma 30 pwani itasoma karibu 32 na nusu ukiipima huku kwenye joto lile lile. Hakuna aliyeongeza upepo. Pima upya uwanjani, kivulini.

Nina simu nzuri. Lazima ninunue kifaa cha GPS? (Kijana wa Thika)

GPS ya ndani ya simu nyingi hupima mara 1 kwa sekunde. Kwa kilomita 60 kwa saa gari linasogea karibu mita 17 kila sekunde, yaani kona nzima ya kubana inaweza kupita katikati ya vipimo viwili. Kipokezi cha nje cha mara 10 kwa sekunde kinakupa kipimo kila mita 1.7 hivi, cha mara 25, kama RaceBox Mini, kila sentimita 70. Simu yako ibaki kuwa skrini na kamera, programu iwe RaceChrono au nyingine unayoielewa, lakini kipimo kitoke kwenye kipokezi.

Kifunge juu ya paa au karibu na kioo cha mbele, mahali panapoona anga. Kifunge kwa boliti au mkanda wa plastiki wa kukaza. Gundi ya kunata peke yake haitoshi, na simu iliyochomekwa kwenye kishikio cha teksi ikichomoka kwenye mruko inakuja usoni au inajibanza chini ya kanyagio la breki. Wakaguzi wa magari wakikuzuia kwa hilo, wako sahihi.

Mwenzangu wa daraja la 2WD Non Turbo (magurudumu mawili yanavuta, bila tabo) ana gari sawa na langu lakini ananipita sekunde 3 kwa raundi. Fundi anasema springi zangu ni laini, nibadilishe zote nne na shoki. Nimekutumia mafaili ya GPS ya raundi zetu. (Msomaji wa Nakuru)

Fundi wako ameona faili? Nimeyafungua mafaili yote mawili, na springi hazihusiki na sekunde hizo.

Kwanza, namna ya kulinganisha. Usiweke raundi mbili pamoja kwa muda, ziweke kwa umbali, ili kona ya tatu ya mwenzako isimame juu ya kona ya tatu yako. Kisha fungua mstari wa tofauti ya muda. Mahali mstari huo unapopanda ndipo unapopoteza. Mahali ulipolala hata kama kasi zenu zinatofautiana kidogo, achana napo. Linganisha raundi zilizoendeshwa kwa kukaribiana. Raundi za kwanza changarawe imelala juu, magari yakishapita inasukumwa kando na njia inakuwa ngumu, halafu mifereji inachimbika. Boza la maji likipita, kila kitu kinaanza upya. Ukilinganisha raundi yako ya saa tatu asubuhi na yake ya saa sita mchana, unalinganisha viwanja viwili.

Sasa, kwenye grafu ya kasi, tazama kilele mwisho wa mnyoofu ule mrefu. Cha mwenzako kina ncha: anapanda hadi 96, anakanyaga breki, anashuka. Chako kina kichwa bapa: unafika 94, unaachia mafuta, kasi inateleza hadi 91 kwa muda wa sekunde 0.7 hivi ndipo breki inaingia. Hizo ni mita 17 au 18 ambazo mguu mmoja umetoka kwenye mafuta na mwingine haujafika kwenye breki. Gari halifanyi kazi yoyote. Una kona nne za namna hiyo katika raundi moja.

Kisha mdomo wa kona. Unaingia kwa kasi kuliko yeye, unajiona shujaa, pua inakwenda mbele, unasubiri ikate, na unatoka kwa 50 wakati yeye anatoka kwa 53. Mbele yenu kuna mita 150 za kunyoosha. Kwa gari linaloongeza kasi kwa mita 2 kwa sekunde kila sekunde, kilomita 3 kwa saa hizo za kutokea zinagharimu karibu sekunde 0.2 kabla ya kona inayofuata, na kasi yake ya mwisho bado ni kubwa kuliko yako. Fanya hesabu hiyo kwenye kila kona yenye mnyoofu mbele yake, uone bei ya ushujaa wa kuingia.

Raundi yako inayofuata, jambo moja tu: mguu utoke kwenye mafuta uende moja kwa moja kwenye breki. Usifikirie kasi ya kona. Kisha angalia kama vichwa bapa vimepata ncha. Ukishazoea, kanyaga breki mita 5 mapema kwenye kona ile unayoiingia kwa kasi na uwahi mafuta. Pesa ya springi nunua tairi.

Shoki ni kweli zinaweza kuwa zimekufa, lakini kuzikandamiza kwa mkono ukiwa umesimama hakuonyeshi mengi. Gurudumu hudunda mara 10 hadi 15 kwa sekunde na kipokezi chako hakiwezi kuliona. Kihisi-mtikisiko cha simu kinachopima mara 100 kwa sekunde, kikifungwa imara sakafuni, kinaweza. Mafuta yaliyovuja kwenye bomba la shoki hayahitaji kipimo chochote.

Nitoe stabilaiza ya mbele? Mtandaoni wanasema ndiyo. (K., Eldoret)

Stabilaiza ni chuma kinachounganisha gurudumu la kushoto na la kulia ili gari lisilale kwenye kona. Gari lako linavuta kwa mbele, hukutaja difu (gia inayogawa nguvu kati ya magurudumu hayo mawili), na unasema linaandastia, yaani unakata usukani na pua inaenda mbele tu. Kwa murramu wenye mifereji, kulegeza au kutoa stabilaiza ya mbele huacha gurudumu la ndani lishuke na kuendelea kushika, kwa hiyo si upuuzi. Lakini kabla hujashika spana, hakikisha huingii kwa kasi mno. Grafu itakuonyesha: ikiwa pua inakwenda mbele wakati bado unashusha kasi, tatizo ni wewe na breki. Ikiwa inakwenda mbele baada ya kukanyaga mafuta, hapo kuna kazi ya gari: gurudumu la ndani linazunguka bure na difu ya kawaida inapeleka nguvu yote huko.

Kuna kipimo cha hili kisichohitaji vihisi vya gharama. Geji ya gari, au OBD (tundu la kusomea kompyuta ya gari), husoma kasi ya magurudumu. GPS husoma kasi ya gari lenyewe. Zikiwa sawa, unashika. OBD ikisema 80 na GPS 62 wakati wa kutoka kona, unatengeneza vumbi. Kwenye changarawe iliyolegea kuteleza kidogo kunafaa, kwa sababu tairi inachimba na kufika chini kulipo kugumu. Kwenye ardhi iliyokauka ikawa kama saruji, teleza kidogo kabisa.

Ukiamua kutoa stabilaiza, fungua viungo vyake viwili pembeni, ufunge mikono isigonge chochote, endesha raundi tatu, halafu uirudishe uendeshe tatu nyingine. Usibadilishe presha wala tairi siku hiyo. Watu hubadilisha vitu vinne kwa pamoja, gari linakuwa bora, na hawajui ni kipi kimefanya hivyo, mpaka wanarudi kuuliza hapa.

Naweza kuongeza presha ya tabo (turbo) kwenye Mitsubishi Evo yangu ya zamani? (4WD Turbo, Nairobi)

Unaweza. ECU yake, yaani kompyuta ya injini, iliandaliwa Japani kwa petroli ya oktani 100, na ya kituo cha hapa ni pungufu. Injini ikianza kugonga, yaani petroli kujilipukia ovyo ndani yake, utasikia kishindo kimoja halafu utanunua pistoni. Rekodi kwanza kugonga na muda wa cheche kwenye gia ya tatu, kanyagio la mafuta likiwa chini kabisa. Na usinunue kisoma cha OBD cha bei rahisi ukitegemea kitaongea na gari hilo. Mitsubishi hizo zinaongea kwa lugha yao ya data, MUT, Subaru Impreza za umri huo kwa SSM, na kila moja inahitaji kebo na programu yake. Kisha jiulize kwa nini una nguvu za kutosha kuzungusha magurudumu manne na bado unataka zaidi.

Nimegonga jiwe, gari linavuta kushoto. Nifanye alaimenti? (Machakos)

Hapana, si bado. Alaimenti kwenye mkono uliopinda ni kuficha ugonjwa. Inua gari uliweke juu ya stendi, si jeki peke yake. Shika tairi juu na chini, kisha kulia na kushoto, usikilize kama viungo vya mkono na usukani (boljointi na tairodi) vimelegea. Pima umbali kutoka kitovu cha gurudumu la mbele hadi la nyuma, kushoto na kulia. Ikitofautiana kuliko kabla hujagonga, mkono au kiti chake kimepinda.

Vikiwa vizima, fanya alaimenti mwenyewe kwa uzi wa kuvulia samaki. Sawazisha presha, teremsha gari, lisukume mita chache springi zitulie, mtu wa uzito wako akae kitini. Vuta uzi kila upande kwenye kimo cha kitovu. Hakikisha nyuzi mbili ziko sambamba: umbali kati yake uwe sawa mbele na nyuma ya gari. Pima kutoka uzi hadi ukingo wa mbele wa rimu, halafu ukingo wa nyuma. Kwa murramu nataka tairi za mbele zitazame nje milimita 1 hadi 2 kila upande, za nyuma zinyooke au ziingie ndani kidogo mno. Za nyuma zikitazama nje, gari litaovastia, yaani nyuma itateleza nje, kila ukiachia mafuta, na utadhani ni stabilaiza. Kemba ya mbele (mlalo wa tairi ukilitazama gari kwa mbele) iwe digrii 1 hadi 1.5 hasi, yaani juu ya tairi pakilalia ndani, ile ya 3 mliyoiona kwenye magari ya lami ipunguze, inakunyima mguso wa tairi na ardhi unapokanyaga breki.

Mwanangu ana miaka 10, anaendesha bagi ndogo. Nimnunulie kifaa cha data? (Mama, Nairobi)

Mama, kikiwa chako, ndiyo. Kikiwa chake, bado. Mtoto aonyeshwe jambo moja kwa siku, kwenye picha ya video kuliko grafu: macho yako yalikuwa wapi ulipoingia kona ile? Data uitumie wewe kuona kama anaongeza au anachoka. Mistari ya njia anayopita ikianza kutawanyika raundi ya mwisho, apumzike, anywe maji. Kabla ya kifaa hicho kuna kofia inayomkaa sawasawa na mikanda iliyopunguzwa kwa mwili wake. Na tafadhali, baba yake asimkemee mbele ya skrini.

Niko Texas, nashindana kwenye SCCA Solo (otokrosi ya lami ya klabu ya Marekani) kwa Mazda Miata ya kawaida. Mnasaidia watu wa lami? (Texas)

Tunasaidia, ila mchezo wenu ni mwingine: njia ni ya sekunde 60 hivi, hakuna mazoezi, koni moja ikiguswa ni sekunde 2. GPS hukosea mahali kwa mita 1 au zaidi, kwa hiyo haiwezi kukuambia ulipita sentimita 30 au mita moja kutoka kwenye koni. Kasi inaipima vizuri sana, mahali haipimi hivyo. Mahali tazama kwa video. Slalomu, yaani kupinda kushoto na kulia kati ya koni zilizopangwa mstari, itazame kwa kasi: ikishuka kutoka koni hadi koni, uliingia kwa haraka mno na umechelewa kila moja inayofuata. Tembea njia kwa miguu mara tatu. Daraja la Street huruhusu kubadilisha stabilaiza moja tu, ya mbele au ya nyuma. Soma kanuni za mwaka huu kabla ya kununua.

Naweza kujizoeza kurekodi usiku kwenye bypass? (Hakujitaja)

Hapana. Kuna watu wanaovuka, na lori lisilo na taa. Usinitumie faili lake.

Mafaili yananijazia simu. Nifute ya zamani? (Kisumu)

Futa video kama lazima, mafaili ya vipimo ni madogo, yaache. Faili lisilo na maelezo ndilo la kutupa. Kwenye jina weka tarehe, uwanja na namba ya raundi. Kwenye daftari andika presha nne kabla na baada, tairi zimeendeshwa raundi ngapi, kichujio cha hewa kilisafishwa lini (kasi ya mwisho ikishuka raundi kwa raundi mahali pale pale, anza hapo), kitu kimoja ulichobadilisha, na saa boza lilipopita.